Vidonge nane kutoka Nachingwea

Leo wapenzi na visa vyao tuwaweke kando, nina kisa cha dawa.

Dada yangu yuko Nachingwea. Mwanawe wa miaka miwili alibanwa kifua, anakohoa na kuhema mbio mbio. Zahanati wakamhesabu pumzi, 46 kwa dakika. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano anayekohoa, zikifika 40 tu hiyo ni nimonia. Akapimwa, kilo 12. Akapewa amoksilini za kuyeyusha kwenye maji, miligramu 250: viwili asubuhi, viwili jioni, siku 5. Jumla 20.

Siku ya nne mtoto kaamka anapiga danadana kama yuko Namungo. Dada akaona mambo safi, vidonge nane vikaingia kabatini. Wiki iliyofuata huyo, akapanda gari hadi Ruangwa kwa mdogo wetu, ambaye kichanga chake cha miezi minane nacho kinakohoa. "Mpe hivi, vimemponya mwenzake. Viwili asubuhi, viwili jioni."

Aliponipigia simu kujisifu nilichoka! Dozi ya mtoto inakwenda na kilo, bwana. Huyu wa kilo 8, kama kweli angekuwa na nimonia, ni kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku 5, yaani 10. Kwa hiyo hata wangepatia kipimo, vinane visingetosha. Na pumzi nani kahesabu? Umri wake nimonia inaanzia 50. Mafua ni ya virusi, hayaisikii amoksilini hata umpe kopo zima. Halafu yule wa Nachingwea, kucheza si kupona. Bakteria waliobaki wanaweza kurudi, na ukizoea kukatiza hivi unawafundisha usugu.

Ile 1x2 kwenye bahasha nayo inatuchanganya. Maana yake kila baada ya saa 12: saa moja asubuhi, saa moja usiku, hata kama ni msimu wa korosho na umerudi shamba hoi. 1x3 ni kila saa 8: saa 12 alfajiri, saa 8 mchana, saa 4 usiku.

Mdogo wetu alikubali kwenda zahanati. Pumzi 38, kifua hakibonyei, ananyonya vizuri. Mafua tu. Akaambiwa aendelee kumnyonyesha, na akianza kuhema mbio au kukataa ziwa amrudishe mara moja. Dada kanuna: safari yote ile bila dawa!

Vile vinane bado viko kwenye mkoba wake. Nimemwambia avirudishe zahanati, anasema atavirudisha akipita.