Paneli mpya za sola: Ununue sasa au usubiri?

Kila tukigusia umeme wa jua kwenye kipindi cha asubuhi, haikosi simu ya msikilizaji anayeuliza: nasikia kuna paneli mpya zinakuja, zina nguvu kuliko hizi za sasa. Ninunue au nisubiri?

Habari yenyewe ni ya kweli. Septemba 2024 kampuni ya Oxford PV ilitangaza kumpelekea mteja wake wa Marekani shehena ya kwanza ya kibiashara ya paneli zinazochanganya silikoni na kitu kiitwacho perovskaiti. Ufanisi wake ni asilimia 24.5, yaani karibu robo ya nguvu ya jua inayozipiga inageuka umeme. Mwaka huohuo kampuni ya China, LONGi, ilifikisha asilimia 34.6 kwenye maabara. Silikoni peke yake, kwa hesabu za wanafizikia, haiwezi kuvuka takriban asilimia 29.

Lakini ili kumjibu msikilizaji wetu vizuri, inabidi turudi hadi 1991, mjini Lausanne, Uswisi.

Kazi ya vitundu

Mwaka huo Brian O'Regan na Michael Grätzel walichukua unga wa titani dayoksaidi, uleule unaoipa rangi ya ukutani weupe wake. (Madini ya titani yalichimbwa Kwale, pwani ya Kenya, kwa takriban miaka 11 hadi mwisho wa 2024, na yote yalipakiwa melini yakiwa mchanga.) Chembe za unga huo zilikuwa ndogo mno, za kupimwa kwa nanomita. Waliupaka kwenye kioo na kuuoka hadi chembe zikashikana, lakini katikati yake vikabaki vitundu vingi, kama sifongo.

Kwa nini vitundu? Walitaka rangi maalumu inase mwanga na kurusha elektroni. Rangi ikipakwa tabaka moja jembamba, mwanga mwingi unapita bila kunaswa. Ikipakwa nene, elektroni zinapotea njiani. Sifongo ilimaliza ugomvi huo: rangi ilitandazwa nyembamba kwenye kuta za kila kitundu, na kuta hizo zote ukizikunjua ni mamia ya mara ya ukubwa wa kioo chenyewe. Seli ile ilipata ufanisi wa zaidi ya asilimia 7. Tangu hapo wanafunzi sehemu nyingi wamejaribu kutengeneza za kwao hata kwa maji ya rozela.

Tatizo lilikuwa kimiminika kilichojazwa ndani ili kurudisha elektroni kwenye rangi. Kinavuja na kinakauka. Silikoni ikaendelea kutawala soko.

Mwaka 2009 Tsutomu Miyasaka na wenzake huko Japani waliweka perovskaiti mahali pa rangi. Walipata asilimia 3.8 tu, na kimiminika kikaiyeyusha perovskaiti upesi. Kufikia 2012 watafiti wa Korea Kusini na Uingereza waliondoa kimiminika, na ufanisi ukapanda hadi karibu asilimia 10. Baadaye wengi waliiacha hata sifongo, kwani perovskaiti inaweza kusafirisha elektroni yenyewe.

Si wote. Mwaka 2014 Hongwei Han na wenzake wa Wuhan, China, walichapisha tabaka tatu zenye vitundu, ya juu ikiwa ya kaboni, kwa njia inayofanana na ya kuchapisha fulana, kisha wakadondoshea perovskaiti ikapenya hadi chini. Ufanisi ulikuwa asilimia 12.8, lakini seli ilivumilia zaidi ya saa 1,000 kwenye mwanga mkali bila kuchoka. Kwangu mimi habari kubwa ni hiyo, kuliko rekodi zote za asilimia.

Joto, unyevu na maji ya mvua

Perovskaiti haipendi maji wala joto, na sisi wa pwani tuna vyote viwili. Kipimo cha kimataifa huiweka paneli kwenye nyuzi joto 85 na unyevu wa asilimia 85 kwa saa 1,000. Hizo ni siku 42 hivi. Paneli za silikoni huuzwa kwa dhamana ya miaka 25, na zipo zilizokwishaishi miaka hiyo juu ya mapaa. Nyingine hizi bado hazijapata hata muda wa kuzeeka.

Kuna pia madini ya risasi. Perovskaiti inayotumika zaidi ina risasi inayoyeyuka kwenye maji. Ni kidogo, na paneli nzima haina shida. Lakini nyumba nyingi kwetu hukinga maji ya kunywa kutoka kwenye bati lilelile linalobeba paneli. Kioo kikipasuka, nani atakuja kukiondoa, na kitapelekwa wapi? Swali hilo mashirika ya viwango ya nchi zetu yanatakiwa yawe na jibu lake kabla kontena la kwanza halijafika bandarini, si baada.

Msikilizaji aliyepiga simu mara ya mwisho anatumia koroboi, na mtoto wake yuko darasa la saba. Nilimwambia anunue ya silikoni, mwezi huu akiweza, na adai karatasi ya dhamana yenye muhuri wa duka.