Jino Halizibwi Juu ya Uchafu

Watu wengi hudhani kwamba kuziba jino ni kazi ya hatua mbili: kuchimba kilichooza, kisha kujaza tundu lililobaki. Kati ya hatua hizo ipo ya tatu, ambayo mgonjwa haioni, nayo ni kuusafisha uso wa jino uliokwisha kuchimbwa. Huchukua dakika chache tu, na pengine kwa sababu hiyo huwa rahisi kuifupisha foleni inapokuwa ndefu. Kuifupisha ni kosa, na uzito wa kosa hilo unazidi kukua.

Sababu ya kukua kwake ni mabadiliko ya vifaa. Kwa zaidi ya karne moja meno yalizibwa kwa amalgamu, yaani zebaki iliyochanganywa na fedha, bati na shaba. Amalgamu haigandi kwenye jino. Hushikwa na umbo la tundu, ambalo huchongwa jembamba mdomoni na pana ndani, mfano wa mtungi. Lakini Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umezitaka nchi zipunguze matumizi ya amalgamu kwa ajili ya madhara ya zebaki. Mahali pake panashikwa na resini na saruji za meno, ambazo tegemeo lake kubwa ni kugandamana na uso wa jino. Vifaa hivi vikikuta uso mchafu, hukosa mshiko wa kutegemewa.

Uchafu unaosemwa hapa hauonekani kwa macho. Keekee inapozunguka husaga madini na protini za jino, ikazichanganya na mate, damu na bakteria, na kuupaka uso wote utando wenye unene wa maikromita 1 au 2 hivi. Maji peke yake hayauondoi. Chini ya utando huo kuna dentini, yenye makumi ya maelfu ya mirija katika kila milimita moja ya mraba, inayoelekea kwenye kiini cha jino. Resini ikiwekwa juu ya utando huo bila utaratibu wa kuuondoa au kuupenya, huwa imeshikana na vumbi, wala si na jino. Fundi baiskeli hulifahamu jambo hili vema: hatii kiraka kabla ya kuukwangua mpira kwa msasa, kuupangusa na kuukausha.

Mwaka 1955 mtafiti Michael Buonocore, huko Rochester nchini Marekani, alionyesha kwamba enameli ikipakwa asidi ya fosfori, kisha ikaoshwa na kukaushwa, hushika plastiki kwa nguvu zaidi. Wazo lake lilifanana na desturi ya viwandani ya kutumia asidi hiyo kutayarisha vyuma kabla ya kupakwa rangi. Asidi hula sehemu ndogo ya madini na kuacha vishimo vidogo mno ambamo resini huingia na kugandia humo. Siku hizi asidi inayotumika sana ina nguvu ya asilimia 37 hivi.

Hata hivyo, kusafisha si kusugua tu, wala dawa kali zaidi si bora zaidi. Enameli yaweza kukaushwa kabisa baada ya asidi. Dentini ikikaushwa mno, nyuzi zake za kolajeni hulala na kuizuia resini kupenya. Kwa taji la jino hatari ni nyingine. Jino lililochongwa aghalabu hufunikwa kwa muda kwa taji la muda, na baadhi ya saruji zinazoligandisha zina yujenoli, kiini cha mafuta ya karafuu tunazozijua kutoka Pemba na Unguja. Yujenoli hutuliza maumivu, lakini mabaki yake huzuia resini isigande sawasawa. Hivyo dawa iliyomsaidia mgonjwa wiki iliyopita yaweza kulidhoofisha taji lake wiki hii, kama mabaki hayakuondolewa.

Wapo watakaosema kwamba utaratibu huu ni wa hospitali zenye umeme na mashine za gharama. Jibu limo katika historia ya Tanzania yenyewe. Katikati ya miaka ya 1980 ilianzishwa hapa nchini njia ya kuziba meno kwa vyombo vya mkono tu, bila keekee, na baadaye Shirika la Afya Duniani likaieneza. Katika njia hiyo, inapotumiwa saruji ya glasi-ayonoma, uso wa tundu hupakwa asidi hafifu kwa sekunde 10 hadi 15, ukaoshwa kwa vipande vya pamba vyenye maji safi, kisha ukakaushwa kwa pamba nyingine. Kama hayo hufanyika chini ya paa la shule ya msingi, uhaba wa mashine hauwi udhuru. Wengine watasema kwamba gundi mpya za meno hazihitaji kuoshwa asidi. Ni kweli, lakini nazo huharibiwa na mate na damu.

Hasara ya uzembe huu humwangukia mgonjwa. Mzibo ukiachia, bakteria huingia ukingoni, jino huoza tena, na mwisho wake waweza kuwa kung'olewa. Mbaya zaidi, majirani zake huamini kwamba kuziba meno hakuna faida.

Walimu wa kemia na fizikia wanaweza kuliingiza somo hili darasani bila gharama. Wanafunzi wadondoshe tone la maji juu ya kioo kilichooshwa kwa sabuni na kusuuzwa, na jingine juu ya kioo kilichopakwa mafuta. La kwanza litatandaa, la pili litajikusanya. Kisha wagandishe vipande vya bati, vichafu na safi, wakavitundikie mchanga mpaka viachane. Mwanafunzi aliyepima tofauti hiyo kwa mikono yake, siku akiwa tabibu wa meno, hatauona usafi wa uso kuwa adabu ya kazi tu. Ataujua kuwa ndiyo kazi yenyewe.