Uzito wa Mtoto Usiishie Kwenye Kadi

Kila mwezi akina mama huwabeba watoto wao mpaka kliniki. Mtoto anavalishwa suruali ya kupimia, ananing'inizwa kwenye mizani, muuguzi anatia alama kwenye kadi, na kadi inarudi mkobani. Je, ni akina baba wangapi jioni huiomba kadi hiyo waitazame? Sisi tunaona kwamba kupima bila kuzungumza ni sawa na kulima bila kupanda.

Tujifunze kutoka Mkoa wa Iringa. Mwezi Desemba 1983 ulizinduliwa huko mpango wa lishe wa Serikali ya Tanzania, ukisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF kwa fedha kutoka Italia. Ulianzia katika vijiji 168. Iringa inasifika kwa mahindi, lakini watoto wake wengi walikuwa na utapiamlo. Chakula kilikuwepo ghalani, mtoto akadhoofika.

Kila baada ya miezi mitatu kijiji kilikuwa na Siku ya Afya, na watoto wa chini ya miaka mitano walipimwa uzito. Kisha matokeo yalipelekwa mbele ya viongozi wa kijiji, wakayajadili kama wanavyojadili mashamba na barabara. Watoto wangapi wamepungua uzito? Kwa sababu gani? Tufanye nini kwa uwezo wetu? Kipimo kilichofuata kilionyesha kama hatua iliyochukuliwa imesaidia.

Sababu zilijitokeza. Mama anashinda shambani, bado kuni na maji vinamngoja, na mtoto analishwa mara chache mno kwa siku. Uji mwepesi unamjaza tumbo bila kumpa nguvu, na ule mzito unamshinda kumeza. Basi vijiji vikaanzisha vituo vya kulishia watoto mchana, na akina mama wakafundishwa kutumia kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa, kama ulezi. Kimea kidogo hulainisha uji mzito bila kuongeza maji.

Mwaka 1984 watoto wenye utapiamlo mkali katika vijiji hivyo walikuwa asilimia 6.3. Kufikia mwaka 1988 walikuwa asilimia 1.8. Na hiyo ilikuwa miaka migumu ya uchumi, tuliyopanga foleni kutafuta sabuni na sukari.

Wapo watakaosema kuwa Iringa ilisaidiwa na fedha za wafadhili. Ni kweli, na bila fedha hizo kazi isingefika mbali. Lakini mazungumzo ya kijiji hayakununuliwa na mfadhili. Mizani ipo kliniki, kadi ipo nyumbani, na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ingali inafanyika. Siku hiyo ikiisha kwa kuandika namba daftarini, tumebaki na nusu ya kazi.

Tunaomba mambo mawili. Kwanza, baba na mama waitazame kadi pamoja. Mstari ukipanda, mtoto anakua. Ukilala, msingoje mwezi mwingine: jiulizeni anakula mara ngapi, na je, ameugua? Ukishuka, mpelekeni zahanati mara moja. Mtoto huanza kupungua uzito kabla uso haujavimba na nywele kubadilika rangi, na wakati huo kumsaidia ni rahisi zaidi.

Pili, mikutano yetu ya kijiji na mtaa isikie hali ya watoto wadogo kila baada ya miezi mitatu. Isiwe nafasi ya kumwaibisha mama yeyote. Zisomwe idadi, siyo majina, kisha tuulizane ni nani atamsaidia mama kuchota maji, na ni nani atabaki na watoto wakati wa palizi. Kama tunajua idadi ya magunia tuliyovuna, tushindweje kujua idadi ya watoto wetu wanaodhoofika?