Kiwanda cha Nguo Hakiishi kwa Mashine Peke Yake

Ndugu mkulima, huenda umesikia wazee wakitaja nguo iitwayo merikani. Jina hilo linatokana na Marekani. Kabla ya mwaka 1861 wafanya biashara wa huko walileta marobota ya nguo hiyo Unguja, na misafara ikaichukua mpaka bara. Ilifumwa katika viwanda vya kaskazini ya nchi yao, na mji mmoja uliosifika sana kwa kazi hiyo ni Lowell.

Kwa nini Lowell? Pamba haimei huko, kwa sababu ya baridi. Lakini mto Merrimack una maporomoko. Matajiri walichimba mifereji, na tangu mwaka 1823 maji yakazungusha mashine. Binti za wakulima wa jirani wakaja kufanya kazi, na pamba ikaletwa kutoka kusini.

Vita vya 1861 mpaka 1865 viliikata pamba hiyo. Merikani ikaadimika Unguja, na baadaye nguo za Bombay na Uingereza zikashika mahali pake. Lowell uliinuka tena, lakini mvuke na umeme ukaja, na mtu akaweza kujenga kiwanda popote. Watu wa kusini wakajenga vyao karibu na mashamba ya pamba, wakiwa na mashine mpya na mishahara midogo. Wenye viwanda wengi wa Lowell walikula faida, wakaacha mashine zikachakaa. Kuanzia miaka ya 1920 vikafungwa kimoja baada ya kingine. Maporomoko yapo hata leo.

Basi, tujitazame sisi. Kiwanda cha Rivatex kilianza Eldoret katika miaka ya 1970. Miaka ya 1990 nguo rahisi za kigeni na mitumba zilijaa sokoni, na kiwanda kikaanguka. Chuo Kikuu cha Moi kilikichukua mwaka 2007, na mwaka 2019 kilizinduliwa upya kikiwa na mashine mpya.

Wengi hulaumu mitumba tu. Mimi naona hiyo ni nusu ya habari. Kabla ya hapo wakulima wengi walikuwa wamekwisha acha pamba, maana walipeleka mzigo na malipo yakachelewa. Mtu mwenye watoto wa shule hawezi kulima ahadi. Na mashine mpya bila pamba ni jiko bila kuni.

Kwa hiyo kila mmoja ashike lake. Wewe mkulima, chuma pamba kavu, tenga safi na fifi, na baada ya mavuno ng'oa miti yake uichome ili wadudu wasibaki. Mnunuzi naye alipe siku ile ile ya mizani. Mwenye kiwanda aweke akiba ya faida kwa mashine za kesho. Asiyeziba ufa atajenga ukuta.