Mizani Mbili kwa Karamu Moja

Mithali 20:10 inamkemea mfanyabiashara mwenye vipimo viwili, kimoja cha kununulia na kingine cha kuuzia. Tumezoea kuusikia mstari huo ukihubiriwa kwa wauza mahindi na wauza mafuta ya taa. Leo tunauelekeza kwetu sisi watu wa kanisa, kwa maana vipimo viwili vimeingia katika jumuiya zetu, na kinachopimwa humo ni roho za watoto wetu.

Chanzo cha maneno yetu ni video fupi zinazozunguka katika simu za washarika. Zinaonyesha basi la sherehe katika mji wa Nashville, jimbo la Tennessee, Marekani. Ndani yake wamo wanawake wanaocheza na kushangilia, na mbele yao amesimama mwanamume aliyevaa gauni linalometameta, wigi refu na vipodozi vizito, akiwa ameshika kipaza sauti. Chini ya video huandikwa maneno: siku za mwisho, Sodoma, wanawafundisha watoto. Kisha huandikwa: tuma kwa watu kumi.

Kwanza tueleze ni kitu gani, kwa sababu asiyejua kitu hawezi kukihukumu kwa haki. Nashville ni mji wa muziki, na kwa miaka mingi sasa umekuwa mahali ambapo mabibi harusi wa Marekani huenda na rafiki zao kusherehekea kabla ya ndoa. Huko kuna biashara kubwa ya magari ya sherehe: mabasi, malori na hata matrekta yenye muziki na vinywaji, yanayowazungusha wageni katikati ya mji. Zogo lake liliwachosha wenyeji, hata mwaka 2021 baraza la jiji likapitisha kanuni za kubana unywaji wa pombe kwenye magari ya wazi. Baadhi ya mabasi huongozwa na wasanii wa dragi. Dragi ni usanii wa jukwaani: mtu, mara nyingi mwanamume, huvaa mavazi ya kike yaliyotiwa chumvi, hujipa jina la kisanii, huchekesha watu na kufuatisha nyimbo kwa midomo. Katika basi yeye ndiye MC. Huwatania abiria, humpongeza bibi harusi, huongoza michezo. Abiria wake ni watu wazima waliolipa wakijua wanalolipia, na katika Marekani sheria haimruhusu aliye chini ya miaka 21 kununua pombe. Baada ya saa moja au mbili safari huisha, nao hushuka.

Sasa tuseme kuna binti wa usharika. Alipata kipaimara kwetu, aliimba kwaya ya vijana, na sasa anasoma uuguzi Tennessee. Mwenzake wa darasani anaolewa, naye anaalikwa apande basi lile pamoja na wengine. Picha moja inafika nyumbani. Kabla ya Jumapili mama yake ameshaulizwa maswali kwenye jumuiya ya nyumba kwa nyumba, na kufikia Jumatano mzee mmoja anataka jina la binti lisomwe miongoni mwa waliofungiwa Meza ya Bwana, mpaka atakaporudishwa kundini. Hakuna aliyempigia simu. Hakuna aliyemwuliza alikunywa nini, alisema nini, wala alikwenda kwa nini. Picha imekuwa shahidi, mwendesha mashtaka na hakimu.

Tunasema wazi: kufanya hivyo ni dhambi, na dhambi hiyo inajulikana kwa jina. Ni kuvunja amri ya nane.

Kila aliyepita darasa la kipaimara amejifunza Katekismo Ndogo, ambayo Martin Luther aliitoa mwaka 1529. Maelezo yake juu ya amri hiyo hayaishii katika kukataza uongo. Yanatutaka tumtetee jirani, tumnenee mema, na tendo lake tulitafsiri kwa upande ulio mwema zaidi. Katika Katekismo Kubwa Luther anakwenda mbali zaidi. Anatofautisha kujua dhambi ya mtu na kuihukumu hadharani. Kuijua kwaweza kumpata yeyote, kuihukumu ni kazi ya aliyepewa wajibu huo. Asiyekuwa na wajibu, anasema, ayageuze masikio yake kuwa kaburi na kulizika neno alilolisikia humo. Je, simu zetu ni kaburi? Simu zetu ni tarumbeta.

Na katika video zile umo uongo mtupu. Basi la watu wazima linapoandikiwa maneno kwamba linafundisha watoto, huo ni ushahidi wa uongo, hata kama anayeutuma ameanza ujumbe wake kwa Bwana Yesu asifiwe. Watoto kweli wanaharibiwa katika nchi yetu, na sisi wachungaji tunajua wanaharibiwa wapi. Mara nyingi ni nyumbani, na mikononi mwa watu wanaoaminika: mjomba, jirani, mwalimu, na wakati mwingine mtu mwenye cheo kanisani. Anayewafundisha wazazi kumwogopa mchekeshaji wa Nashville anayageuza macho yao yasitazame mlango wa chumba cha pili.

Tuje kwenye vipimo viwili. Watu wetu nao hufanya karamu kabla ya ndoa. Inaitwa kicheni pati. Bibi harusi huketishwa mbele, wanawake hukodi ukumbi, hushona sare, humleta MC na somo, na yanayosemwa humo juu ya mambo ya chumbani wanawake wenyewe wanayajua. Hatusemi kwamba kicheni pati ni dhambi. Kumfunda mwali ni desturi ya heshima, na kicheko cha wanawake waliokomaa kina hekima yake. Tunachouliza ni hiki: kwa nini utani wa chumbani ukisemwa na MC wa kike ukumbini Sinza unaitwa mafunzo, na ukisemwa na mwanamume mwenye wigi huko Nashville unaitwa Sodoma? Tunauliza pia juu ya vigodoro vinavyokesha mitaani Dar es Salaam, ambako watoto wadogo husimama wakitazama viuno vikikatwa hadi alfajiri. Huko hakuna sharti la umri wala tiketi. Ni wazee wangapi wa kanisa wamekwenda kugonga mlango wa mwenye shughuli?

Na pombe je? Waefeso 5:18 inakataza ulevi pasipo kutaja mavazi ya mlevi. Tunaukemea ulevi wa ndani ya basi lile, na mzaha mchafu unaokemewa katika Waefeso 5:4 tunaukemea popote unaposemwa. Lakini abiria wa Nashville wanaendeshwa na dereva aliyekodiwa kwa kazi hiyo. Sisi tumeshazika watu walioendeshwa kutoka ukumbini na bwana aliyekuwa akigonga glasi tangu saa mbili usiku, baada ya ndoa iliyobarikiwa madhabahuni mchana wa siku hiyo hiyo. Hatujasikia mwenyekiti wa kamati ya harusi akitengwa kwa sababu ya kreti za bia alizoziweka kwenye bajeti. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Wapo watakaotujibu kwa Kumbukumbu la Torati 22:5, mahali Sheria inapokataza mwanamke kuvaa nguo za mwanamume na mwanamume kuvaa nguo za mwanamke. Andiko hilo tunalijua. Tunaomba lisomwe lote, kwa kuwa linaanza na mwanamke. Wenye umri wetu tunakumbuka mabinti waliorudishwa nyumbani kwa sababu ya suruali, kwa mstari huu huu; leo wanakwaya wanakwenda mazoezini na suruali na hakuna anayefungua Biblia. Lisomwe pia hadi mstari wa 11, unaokataza vazi lililochanganywa sufu na kitani, ndipo kila mmoja akaangalie kibandiko cha suti yake. Hatulidharau Neno. Tunasema tu kwamba anayechagua mstari mmoja kuwa fimbo na kuruka unaofuata hajalitii Neno, amelitumia.

Tena yako mavazi ya kudanganya na yako mavazi ya kuigiza. Yakobo alivaa ngozi za wanambuzi ili amdanganye baba yake kipofu. Huo ulikuwa udanganyifu. Msanii wa jukwaani hamdanganyi mtu, maana kila aliyenunua tiketi anajua ni mwigizaji. Hapa kwetu Joti ameigiza wanawake katika vichekesho mbele ya taifa zima, na familia za Kikristo zimecheka pamoja sebuleni baada ya sala ya jioni. Hatukumbuki hata jumuiya moja iliyozima televisheni.

Wengine husema: mambo haya ni ya Wazungu, hayamhusu Mwafrika. Hawaijui historia. Mtu wa kwanza anayejulikana kujiita malkia wa dragi alikuwa mtu mweusi, William Dorsey Swann, aliyezaliwa utumwani katika jimbo la Maryland. Katika miaka ya 1880 aliandaa karamu za siri mjini Washington, na wengi wa waliohudhuria walikuwa wanaume weusi waliowahi kuwa watumwa kama yeye. Polisi waliwavamia mwaka 1888. Mwaka 1896 alihukumiwa kifungo, akamwomba Rais Grover Cleveland msamaha, akakataliwa. Si lazima mtu aziunge mkono karamu zile ili aone kwamba hawa ni wajukuu wa bara letu, waliobebwa kwa minyororo, wakitafuta chumba kimoja cha kucheka. Kuwaita Wazungu ni kuwauza mara ya pili.

Na wapo watakaosema kwamba tunaingiza jambo jingine kwa mlango wa nyuma, yaani ndoa za jinsia moja. Hapana. Kanisa letu lilikwisha kunena juu ya ndoa katika Tamko la Dodoma la mwaka 2010, baada ya ndugu zetu Walutheri wa Marekani kuamua kwa namna nyingine mwaka 2009. Anayetaka kujadili jambo hilo anajua vikao vyake. Lakini Tamko la Dodoma halikumpa mtu yeyote ruhusa ya kusema uongo juu ya jirani, kumtukana, kumpiga, wala kumfukuza mtoto wake nyumbani. Anayelitumia kama rungu amelisoma vibaya, kama wengine walivyoisoma vibaya Torati.

Kumbukeni tena kwamba mtoto anayewasikia wazazi wake wakimcheka mtu wa kwenye video anajifunza jambo moja kwa hakika: akiwa na swali lolote juu ya mwili wake au moyo wake, asiwaulize. Ataliuliza mahali pengine. Wapo vijana walioondoka katika nyumba za wazee wa kanisa bila kurudi, na mama zao huja ofisini kwetu kuombewa wakiogopa hata kulitaja jina la mtoto. Hao hawakupotezwa na basi la Nashville. Walipotezwa na maneno ya mezani.

Maandiko yanatuonyesha njia nyingine, na inatokea kwamba nayo ina gari. Katika Matendo ya Mitume 8, Roho anamwambia Filipo alisogelee gari la towashi Mwethiopia. Torati, katika Kumbukumbu 23:1, ilikuwa imemzuia mtu wa namna ile asiingie katika kusanyiko. Filipo aliijua Torati hiyo. Hata hivyo hakusimama kando ya barabara akitoa hukumu vumbi lilipokuwa likitimka. Alikimbia hadi garini, akauliza swali, akapanda alipokaribishwa, akaketi, akamhubiri Yesu kuanzia pale pale mtu yule alipokuwa akisoma. Siku hiyo hiyo yule mtu alibatizwa. Laiti Filipo angekuwa na simu kama zetu, huenda Ethiopia ingepokea picha kabla ya kupokea Injili.

Kwa hiyo tunayadai mambo matatu katika sharika zetu. Picha au video isipokelewe kamwe na baraza la wazee kama ushahidi wa kumfungia mtu Meza ya Bwana. Utaratibu wa Mathayo 18:15 unaanza na watu wawili peke yao, na mshitaki asiyekwenda kwanza kwa ndugu yake asisikilizwe. Kiongozi anayesambaza video za kuwadhihaki watu aonywe kama anavyoonywa mlevi, kwa kuwa ulimi wake umelewa. Na kamati za harusi zipimwe kwa kipimo kile kile kinachopimia karamu za mbali: pombe kwa pombe, mzaha kwa mzaha.

Binti wa Tennessee akirudi likizo, na aje kanisani. Aketi mahali alipozoea kuketi. Kama kuna la kumwuliza, mchungaji wake atamwuliza, mlango ukiwa umefungwa na kikombe cha chai mezani. Na meza ile nyingine, ya mkate na divai, iachwe mikononi mwa Mwenyeji wake. Mathayo 11:19 inatukumbusha kwamba watu wa dini walimtazama Yeye na wale aliokula nao, wakamwita mlafi na mlevi. Nao walikuwa wamemwona kwa mbali.