Winchi ya Mkono: Pima Kazi Kwanza, Ndipo Uangalie Tani

Kila msimu wa kupakia kontena, maombi kutoka nyumbani hufanana: simu, matairi, cherehani, vifaa vya gereji. Katikati ya orodha hiyo siku hizi hujitokeza ombi jingine: "Tuletee na winchi ya mkono." Mjomba ana shamba lenye visiki. Kaka ana pikapu inayokwama kila masika. Baba mkwe ana mashua ya kupandisha pwani ili itiwe kalafati. Nasi huku ugenini tuna kazi zetu: walioko Muscat wanaingia na familia kwenye mchanga wa Sharqiya mwisho wa wiki, na walioko Marekani wanaamka baada ya dhoruba na kukuta mti umelala juu ya njia ya gari.

Basi mtu anaingia dukani au anafungua simu, anaona maboksi mawili. Moja limeandikwa tani 2, jingine tani 4, na la tani 4 ni la bei ya chini. Anachukua la tani 4 na kushukuru Mungu kwa kupata nafuu. Ndugu msomaji, hapo ndipo pa kusimama kidogo. Winchi mbovu haimuumizi aliyeinunua. Humuumiza yule aliyeipokea, maana yeye huamini kuwa kilichotoka ng'ambo ni imara.

Chombo chenyewe

Winchi ya mkono tunayoizungumzia ni ile yenye mpini mrefu, ngoma ndogo ya kukunjia waya, ndoano huku na huku, na gurudumu lenye meno. Wengine huiita racheti. Ukivuta mpini, gurudumu linasogea jino moja au mawili, na kipande kidogo cha chuma, tukiite kilimi, kinaingia kati ya meno na kulizuia lisirudi nyuma. Mpini mrefu na ngoma nyembamba ndivyo vinavyozidisha nguvu ya mkono wako mara nyingi. Malipo yake ni mwendo: unapiga mpini mara kadhaa ndipo mzigo usogee kiasi cha kiganja. Haba na haba, ila hapa kila haba inashikiliwa na jino moja la chuma. Jino hilo likiwa laini au kilimi kikiwa kimelegea, mzigo wote unaachiwa kwa mara moja.

Piga hesabu ya kazi

Kosa la wengi ni kudhani kwamba gari la tani 3 linahitaji winchi ya tani 3, au kinyume chake, kwamba gari lina matairi kwa hiyo nguvu yoyote itatosha. Ukweli unategemea ardhi. Waokoaji wa magari wana vipimo vya kukadiria ambavyo ni rahisi kukumbuka. Kwenye majani, nguvu ya kuvuta ni takriban sehemu moja ya saba ya uzito wa gari. Kwenye mchanga laini mkavu, robo. Kwenye tope la kina kifupi, theluthi. Kwenye udongo mzito unaonata, nusu. Kama unavuta kupandisha mlima, ongeza uzito wa gari ukizidishwa kwa nyuzi za mteremko, kisha ugawanye kwa 60. Mwisho ongeza robo ya jumla kwa ajili ya usalama.

Tuchukue pikapu ambayo pamoja na shehena yake ina kilo 3,000. Imekwama kwenye mchanga laini ulio tambarare: robo ni kilo 750, na ukiongeza robo ya usalama unapata kama kilo 940. Imekwama kwenye tope la kina kifupi, kwenye mteremko wa nyuzi 10: tope linadai 1,000, mlima unadai 500, jumla 1,500, na pamoja na usalama 1,875. Imezama kwenye udongo unaonata, kwenye mteremko uleule: 1,500 na 500, pamoja na usalama 2,500.

Gari ni lilelile moja, na mahitaji yake yametoka chini ya tani moja hadi tani mbili na nusu. Kwa hiyo kabla ya kununua, piga simu nyumbani uulize maswali matatu: kinachovutwa kina uzito gani, kiko kwenye ardhi ya namna gani, na kipo umbali gani kutoka kwenye mti au jiwe la kufungia. Ukishapata majibu, nusu ya maboksi dukani yameshajiondoa yenyewe.

Tani ya nani?

Sasa soma boksi. Tani ya Marekani ni pauni 2,000, yaani kilo 907 tu, wakati tani ya kipimo cha metriki ni kilo 1,000. Winchi ya Marekani ya "tani 2" ina kilo 1,814. Kwa ile pikapu ya kwenye tope na mteremko, imeshapungukiwa.

Kuna na jambo la pili linaloandikwa kwa herufi ndogo. Winchi nyingi za bei nafuu hupewa tani zake kwa waya uliokunjwa mara mbili kupitia kapi. Ukiutumia waya ukiwa mmoja ulionyooka, uwezo ni nusu. Yaani "tani 2" yako inakuwa tani 1, nawe hukuambiwa.

La tatu: tafuta uzito wa kazi, ambao kwenye chuma huandikwa kwa herufi WLL. Huo ni uzito ambao chombo kinaruhusiwa kubeba kila siku. Usiuchanganye na uzito wa kukatika, ambao ni mkubwa zaidi na ambao baadhi ya wauzaji huuandika mbele ili kuvutia.

Kama huamini maandishi, chukua rula. Waya wa kawaida wa chuma wenye unene wa milimita 6 hukatika kwenye takriban tani 2 hadi 3. Hata ukiukunja mara mbili, unafika tani 4 hadi 6, na hapo ndipo unapokatika. Boksi linaloahidi kufanya kazi ya tani 4 kwa waya wa namna hiyo halijakuachia nafasi ya usalama. Lirudishe kwenye rafu.

Aina tatu, kazi tatu

Ya kwanza ni hiyo ya ngoma na waya. Ni nyepesi, ni rahisi, na inafaa kunyoosha uzio, kuvuta tawi, kusogeza mashine au kunasua gari dogo. Udhaifu wake ni urefu: nyingi zina waya wa mita 2 hadi 4 tu, kwa hiyo unavuta kidogo, unaziba magurudumu kwa mawe, unalegeza, unafunga upya. Tena haikutengenezwa kwa kunyanyulia. Usimnyanyulie fundi injini kwayo, na kamwe usimnyanyulie mtu.

Ya pili ni ya mpini na mnyororo. Hii ina breki ndani yake inayoshika mzigo popote ulipouacha, na iliyotengenezwa kwa viwango inaruhusiwa kuvuta na kunyanyua pia. Kwenye kibandiko chake tafuta EN 13157 kwa Ulaya, au ASME B30.21 kwa Marekani. Kwa gereji nyumbani hii ndiyo yenye faida, na ya tani moja na nusu inatosha kazi nyingi za injini. Ila mnyororo wake kwa kawaida ni kama mita moja na nusu, kwa hiyo haifai kuvuta kitu cha mbali.

Ya tatu haina ngoma. Waya unapita moja kwa moja katikati ya mashine, na taya mbili zinaushika kwa kupokezana, kama mtu anayevuta kamba ya ndoo kisimani mkono kwa mkono. Inayojulikana zaidi ni Tirfor. Kwa sababu waya haukunjwi, unaweza kuwa wa mita 20 au zaidi, na unavuta mfululizo bila kufungua. Ya kilo 1,600 ni nzito, inakaribia kilo 20 kabla ya waya, na bei yake ni ya kukaa mkafikiria kama familia. Lakini kwa visiki, mashua na malori, hiyo ndiyo zana yenyewe. Afadhali ndugu wanne wachange wanunue moja hii kuliko kila mmoja atume ya ngoma itakayovunjika mwaka wa kwanza.

Vinavyokwenda pamoja

Winchi peke yake ni nusu ya kazi. Ongeza mkanda mpana wa kuzungushia mti, kwa sababu waya huukata mti na mti huuharibu waya. Ongeza pingu mbili za chuma zenye parafujo na zilizoandikwa uzito wa kazi. Ongeza kapi. Ukilifunga kapi kwenye gari, ukapitisha waya na kurudisha ncha yake kwenye mti, unapata karibu nguvu maradufu kwa nusu ya mwendo. Lakini kumbuka kwamba kapi lenyewe sasa linabeba mvuto wa nyaya mbili, kwa hiyo uzito wake wa kazi uwe mara mbili ya ule wa waya. Ongeza glavu za ngozi, maana uzi mmoja wa waya uliochomoza hupasua kiganja.

Jangwani ambako hakuna mti, watu hulizika tairi la akiba kwenye shimo refu na kulifanya nanga. Lakini kabla ya kufika huko, punguza upepo wa matairi hadi kama psi 15 na chimba mchanga ulio mbele ya magurudumu. Mara nyingi gari hutoka lenyewe. Pwani ni vivyo hivyo: weka magogo chini ya mashua kabla ya kugusa mpini. Kila kilo unayoiondoa kwenye mzigo ni kilo ambayo winchi haitaibeba.

Mpini una ujumbe

Mpini ukiwa mgumu, watu wetu wana dawa moja: bomba. Wanachomeka bomba refu kwenye mpini na kuning'inia wawili. Hii ndiyo njia ya haraka ya kuleta msiba. Watengenezaji wazuri huufanya mpini upinde kabla waya haujakatika, na Tirfor ina pini ndogo zinazokatika makusudi mzigo ukizidi. Mpini unapogoma, unakuambia kwamba umefika mwisho. Simama, chimba, ongeza kapi, au tafuta winchi kubwa. Na pini zikikatika, weka pini za aina yake. Msumari si pini.

Waya uliovutwa umejaa nguvu kama upinde. Ukikatika hurudi kwa kasi isiyokwepeka. Asisimame mtu kwenye mstari wake wala kuuruka, na watoto, ambao ndio hupenda kuja kutazama, wakae mbali kuliko urefu wa waya wote. Tandika blanketi zito au gunia la mchanga juu ya waya ili likiachia lishuke chini. Bakiza mizunguko michache ya waya kwenye ngoma kila wakati.

Kabla ya kufunga boksi

Hewa ya pwani ni adui wa chuma. Weka chupa ya mafuta mepesi kwa meno na kilimi, na mwambie mpokeaji aufute waya kwa kitambaa chenye mafuta baada ya kila kazi. Maelekezo ya kiwandani pengine yako kwa Kiingereza au Kichina, na huenda atakayeitumia asiyasome kamwe. Kwa hiyo andika karatasi moja kwa mkono wako, uitie plastiki, uifunge kwenye mpini. Unaweza kunakili hii:

"Uwezo wa winchi hii ni kilo fulani kwa waya mmoja. Si ya kunyanyulia mtu. Usiongeze bomba kwenye mpini. Funga mti kwa mkanda, si kwa waya. Mtu yeyote asisimame kwenye mstari wa waya. Waya ukiona nyuzi zilizokatika au sehemu iliyopinda na kukakamaa, tupa, nipigie, nitatuma mwingine."

Kwenye neno "fulani" weka tarakimu halisi baada ya kusoma kibandiko. Na sentensi ile ya mwisho usiiache. Nyumbani, kitu kilichotumwa na ndugu hakitupwi hata kikiwa kimechakaa. Watu hukifunga kwa waya mwembamba na kukitumia tena kwa heshima ya aliyekituma. Mpe ruhusa ya kukitupa.