Jina langu kwenye mstari wa juu

Najua wapo wanaonung'unika kwamba sikuja kwenye arobaini ya baba mdogo, eti Uingereza imenibadilisha. Jamani, leo naeleza, maana siku ile kwenye simu mtandao ulikatika kabla sijamaliza.

Wodi yetu ilikuwa inahamia jengo jipya. Meneja wa mradi akapanga ratiba kwa Microsoft Project. Kule juu unaandika kazi kubwa, "Kuhamisha wodi", na chini yake kazi ndogo ndogo. Ile kubwa haifanywi na mtu, ni kapu tu. Urefu wake programu inaupata kutoka kwa kazi zilizomo ndani. Mimi nilipewa mbili: kuhesabu na kuhamisha dawa siku 2, na kuwafundisha wenzangu vifaa vipya siku 3. Jumla saa 40. Sikulalamika.

Tatizo, yule bwana akaniandika na kwenye kapu, eti ionekane nani anahusika. Kapu lilikuwa la siku 10. Programu haijui cheo, inajua saa: ikanihesabia 80 za kapu juu ya zile 40. Saa 120 kwa wiki mbili! Halafu watu wa vitanda wakachelewa siku 3. Kapu likavutika hadi siku 13, na saa zangu za kapu zikapanda hadi 104, nami sijanyanyua hata sindano ya ziada. Nilipoomba likizo ya kuja msibani akanigeuzia kompyuta nione jina langu limewaka jekundu. Eti nimezidiwa na kazi, hawezi kuniachia.

Nililia chooni, kisha nikarudi kugawa dawa.

Mimi nasema hivi: jina la mtu likae kwenye kazi anayoifanya, basi. Wodini dawa moja ikiandikwa sehemu mbili za kadi, mgonjwa atapewa mara mbili, na hakuna atakayesema kadi ndiyo yenye makosa. Wanaotetea wanasema bila jina kule juu hakuna wa kuulizwa. Lakini programu ina safu ya kuandika jina la wa kuulizwa, na safu hiyo haihesabu saa. Na kama kusimamia nako ni kazi (ni kazi, muulizeni sista yeyote) kupewe mstari wake mdogo na saa zake za kweli, hata nusu saa kwa siku.

Nilimwonyesha hayo. Akafuta jina langu kwenye kapu, saa zikashuka pale pale hadi 40 na wekundu ukaondoka. Akaomba radhi, sikatai. Ila arobaini ilikuwa imepita siku sita.

Likizo ya Desemba nimekubaliwa, nitakuja kuzuru kaburi. Shangazi, ile rambirambi niliyotuma ilikufikia? Nijibu, leo naingia zamu ya usiku.